Taipu wani na sindano mpya za kupunguza mwili: ipi ikufae, na nani asiziguse kwanza

Swali limekuwa moja siku hizi, uwe umekaa benchi la kliniki Bugando au Sekou Toure hapa Mwanza, au umekutana na mwenzio kwenye daladala ya Igoma: nina taipu wani, yaani kisukari cha aina ya kwanza, mwili umeongezeka, yuniti za insulini zinapanda kila mwaka, je na mimi nichome hizi sindano mpya za kupunguza mwili? Ukishasema sijui, linakuja la pili, nichukue ipi, ya kila siku, ya kila wiki, au hii Mounjaro inayosifiwa kuliko zote. Mi mwenyewe ni wa taipu wani, natumia Actrapid, insulini ya chakula, na Insulatard, ile ya kukaa mwilini, na hili jambo nimelifuatilia kwa ukaribu sana maana linagusa watu ninaowapenda, kwa hiyo naziweka hapa moja baada ya nyingine na nasema wazi ninavyoona mimi, halafu ukaongee na daktari wako ukiwa unajua unachouliza.

Msimamo wangu nautoa mapema usije ukachoka kusoma kabla hujaufikia. Kwa mtu wa taipu wani aliyeko huku kwetu, mwenye uzito mkubwa kweli na siyo kitambi kidogo, anayepima sukari kila siku na ana stripu za kupimia ketoni (asidi zinazojaa kwenye damu insulini ikikosekana) nyumbani, ya kila siku yaani liraglutidi ndo pa kuanzia, ya kila wiki yaani semaglutidi ije baadaye akishajua mwili wake unaipokeaje, Mounjaro isubiri kwanza, na vidonge vya familia hii aachane navyo. Anayetumia insulini ya mchanganyiko, ile Mixtard, asianze yoyote mpaka abadilishiwe insulini. Nitaeleza kwa nini, na hapo kwenye Mixtard nitakaa zaidi maana ndipo wengi wetu tulipo na sioni watu wakipaongelea.

Dawa zenyewe zinafanya nini

Ukila, utumbo unatoa homoni zinaitwa inkretini, kubwa ni mbili, GLP-1 na GIP. GLP-1 inaiambia kongosho itoe insulini sukari ikiwa juu, inapunguza glukagoni ili ini lisimwage sukari kwenye damu, inafanya tumbo litoe chakula polepole, na inauambia ubongo umeshiba. Ile ya mwilini inaisha ndani ya dakika chache tu, kwa hiyo watengenezaji wakatafuta ya kufanana nayo inayodumu. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani ilikuwa eksenatidi mwaka 2005, na chanzo chake ni mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwani kule kule Marekani. Baadaye ikaja liraglutidi (Victoza, na ile ya uzito ni Saxenda), ikaja semaglutidi (Ozempic mwaka 2017, Wegovy 2021), halafu tirzepatidi (Mounjaro 2022) ambayo yenyewe inagusa GLP-1 na GIP kwa pamoja.

Sasa angalia hizo kazi nne halafu jiangalie wewe wa taipu wani. Ya kwanza, ya kuiamsha kongosho, kwako haipo, seli za kutoa insulini zimeshakufa au zimebaki chache mno. Zinabaki tatu: glukagoni, tumbo na hamu ya kula. Ndo maana hakuna hata moja kati ya hizi inayochukua nafasi ya insulini, na ndo maana kwenye karatasi ya ndani ya boksi wameandika ni za aina ya pili au za uzito. Marekani na Ulaya hazijaruhusiwa rasmi kwa taipu wani, daktari akikuandikia anakuandikia kwa uamuzi wake wa kitaalamu nje ya kile kilichoidhinishwa. Hiyo siyo kosa, madaktari wanafanya hivyo kwa dawa nyingi, ila inamaanisha wewe na yeye mnabeba uangalizi wote.

Insulini peke yake, ukiipanga upya

Hii ndo ya kulinganisha nayo zote, na watu wanairuka. Kabla hujafikiria peni mpya, yaani ile kalamu ya sindano yenye dawa ndani, jiulize, unahesabu wanga au unachoma namba ile ile kila siku ukila ugali wa udaga au ukila kipande cha sangara na mchicha? Unapima mara ngapi? Sehemu unayochoma haijavimba mafuta? Mtu anayechoma pale pale pembeni ya kitovu miaka na miaka, ngozi ikishakuwa ngumu insulini hainyonywi vizuri, anaongeza yuniti, siku akihama kidogo pembeni sukari inaporomoka, anakula kuifukuza, mwili unaongezeka. Kuna watu uzito wao wote umetokana na kula kwa ajili ya kuziba insulini iliyozidi, na dawa ya hapo ni kupunguza insulini sehemu sahihi, peni ya Ozempic haitalirekebisha hilo.

Na pesa nayo lazima isemwe. Kama hela yako ya mwezi inatosha stripu au peni, nunua stripu. Sina maelezo marefu hapo, kuingiza dawa inayobadilisha mwendo wa sukari yako wakati huna cha kuipimia ni hatari.

Ya kila siku: liraglutidi

Hii ndo iliyojaribiwa kwa upana zaidi kwa watu kama sisi. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya majaribio mawili makubwa, ADJUNCT ONE yenye watu wazima 1,398 kwa wiki 52 na ADJUNCT TWO yenye watu 835 kwa wiki 26, wote taipu wani, wengine wanachoma liraglutidi juu ya insulini yao na wengine wanachoma maji ya kulinganishia. Kwa dozi ya juu ya miligramu 1.8 uzito ulipungua karibu kilo 5 zaidi ya wale wa kulinganishia. Kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, kilishuka kidogo tu, tofauti ya asilimia 0.2 kwenye la kwanza na 0.35 kwenye la pili. Tena kwenye dozi hiyo ya juu ketoni zilizoambatana na sukari ya juu ziliongezeka, na sukari kushuka kukaongezeka pia. Mtengenezaji akapima akaona asiombe kibali cha taipu wani, ikaishia hapo.

Ukisoma hivyo unaweza kusema basi haina maana. Mi nasema hivi, kama lengo lako ni HbA1c peke yake, ni kweli hailipi, 0.2 unaweza kuipata kwa kupima mara mbili zaidi kwa siku. Kama lengo ni uzito na kupunguza yuniti, na una kilo nyingi za ziada, kilo 5 ni kitu.

Sababu yangu kubwa ya kuiweka mbele ni nyingine kabisa, ni muda inaokaa mwilini. Liraglutidi nusu yake inaondoka kwa masaa kama 13. Ukiiacha leo, kesho kutwa imeshapungua sana. Sasa fikiria maisha ya huku ziwani, malaria ipo, taifodi ipo, kuharisha kupo, mtu anaamka anatapika na hawezi kula. Kwa mwenye taipu wani kutapika ni hali ya dharura tayari, na ukiwa na dawa nyingine mwilini inayoongeza kichefuchefu na kulichelewesha tumbo, unataka uweze kuikata siku hiyo hiyo. Liraglutidi inakatika. Semaglutidi nusu yake inachukua wiki nzima, mpaka iishe kabisa ni kama wiki tano, na tirzepatidi nusu yake ni siku tano. Ukishaichoma Jumapili, Jumanne ukaugua, utaugua nayo.

Dozi inaanza miligramu 0.6 kwa siku kwa wiki moja, halafu 1.2, halafu 1.8 kwa anayehitaji. Kwa taipu wani hakuna aibu ya kubaki 0.6 au 1.2, hatari za ketoni zilionekana zaidi juu. Kero yake ni sindano moja zaidi kila siku, ila kwa mtu aliyezoea nne hiyo ya tano haimshindi.

Ya kila wiki: semaglutidi

Kwa uzito hii inaipita liraglutidi, hilo halina ubishi. Kwa watu wasio na kisukari, kwa dozi kubwa ya miligramu 2.4, walipungua wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Kwa taipu wani kuna utafiti uliotoka 2025 Marekani, watu wazima 72 wenye uzito mkubwa, wote wanatumia pampu zinazojirekebisha zenyewe, wakachoma miligramu 1 kwa wiki au maji, kwa wiki 26. Waliochoma dawa walipungua zaidi ya kilo 8 na HbA1c ikashuka kidogo kama 0.3. Ni matokeo mazuri, nimefurahi kuyaona.

Ila rudia kusoma, wote walikuwa na pampu zinazojirekebisha zenyewe. Yaani kuna kisensa mwilini kinapima sukari kila dakika chache na mashine inapunguza au kukata insulini ikiona sukari inashuka. Wewe una bomba la sindano na mashine ya kupima ukichoma kidole. Tumbo likichelewa, pampu inaona, wewe huoni mpaka upime. Siwezi kuchukua matokeo ya mtu mwenye pampu nikayavalisha mtu wa Buzuruga anayepima mara mbili kwa siku, na nasikitika watu wanaofanya hivyo.

Faida yake ya kweli ni urahisi, mara moja kwa wiki, peni moja mwezi mzima, inaanza 0.25 kwa wiki nne, inapanda 0.5, halafu 1. Kwa mtu aliyekwisha kujaribu liraglutidi miezi kadhaa bila shida, ana stripu, ana daktari anayepokea simu, anataka kupungua zaidi, kuhamia huku ni busara. Kuna moja ya kuangalia sana, macho. Sukari iliyokuwa juu muda mrefu ikishuka haraka, retina, yaani ile sehemu ya nyuma ya jicho, iliyoanza kuharibika inaweza kuzidi kwa muda, kwenye majaribio ya aina ya pili ilionekana na semaglutidi. Kapime macho kwanza, yale ya kuwekewa dawa ya kupanua mboni, kabla ya peni ya kwanza.

Ipo pia semaglutidi ya kidonge, Rybelsus. Inamezwa asubuhi tumbo tupu na maji kidogo, usile wala kunywa kitu nusu saa. Sasa mtu wa taipu wani akiamka sukari imeshuka 3.2 atafanyaje, asubiri nusu saa? Mi naipita.

Mounjaro

Nguvu yake kwenye uzito ni kubwa kuliko zote, ilipambanishwa na semaglutidi kwa watu wasio na kisukari wakapungua asilimia 20 dhidi ya karibu 14 kwa wiki 72. Kwa taipu wani majaribio makubwa ya kampuni yenyewe, Eli Lilly, yameanzishwa, na ndo yatatuambia ketoni zinakuwaje na yuniti zipunguzwe vipi. Kabla ya hapo, hamu ya kula ikishuka kiasi hicho na chakula kikipungua kiasi hicho, insulini lazima ishuke nyingi na haraka, na hapo ndo pabaya petu. Isubiri. Kina dada mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango mjue pia kwamba tirzepatidi inapunguza nguvu ya vidonge hivyo mwanzoni na kila dozi ikipandishwa, inabidi kutumia kinga nyingine wiki nne.

Vidonge ambavyo watu wanavichanganya na hizi

Sitagliptini na vildagliptini ni za ukoo wa inkretini, kazi yake ni kuzuia GLP-1 yako isivunjwe haraka. Kwa taipu wani hazifanyi la maana, usitoe hela. Metfomini siyo ya ukoo huu ila inaulizwa sana kwa sababu ni rahisi na ipo kila duka la dawa. Ilijaribiwa kwa taipu wani miaka mitatu, matokeo yakatoka 2017, uzito ulipungua kidogo, HbA1c haikushuka kwa kudumu. Mtu mwenye taipu wani na mwili mkubwa ambaye insulini inamgomea daktari anaweza kumpa, ina usalama wake, usitegemee muujiza.

Hizi za kukojoa sukari, dapagliflozini na empagliflozini, naziongelea kwa sababu moja. Ulaya waliruhusu dapagliflozini kwa taipu wani mwaka 2019, na 2021 ruhusa hiyo ikaondolewa. Shida kubwa ya dawa hizi kwa taipu wani ni ketoni, unaweza kuwa na ketoni za kukulaza ICU wakati mashine inaonesha 10 tu na wewe unaona uko sawa. Usijaribu kuzichanganya na peni za GLP-1 kwa ushauri wa muuza duka.

Mixtard, hapa naomba usome polepole

Kwenye majaribio hayo ya taipu wani watu wengi walikuwa na insulini mbili tofauti au pampu, ya kukaa mwilini na ya chakula. Huku kwetu wengi wako kwenye Mixtard 30, asubuhi na jioni, ndani yake asilimia 30 ni ya chakula na 70 ni ya kukaa. Ukianza GLP-1 unakula kidogo, kwa hiyo insulini ya chakula lazima ipungue. Ukipunguza yuniti za Mixtard umepunguza zote mbili, na ile ya kukaa ikipungua kupita kiasi ini linaanza kutengeneza ketoni hata kama hujala kitu. Usipopunguza, ile ya chakula inakushusha. Ni sawa na kupika ugali na mboga sufuria moja, huwezi kupunguza moto wa kimoja. Hakuna namba nzuri pale. Muombe daktari akuhamishie kwanza kwenye Insulatard na Actrapid, au zile za kisasa kama unazipata, kaa nazo miezi, zizoee, ndo muongee habari ya peni.

Na hata kwenye Actrapid kuna jambo. Tulifundishwa choma, subiri nusu saa, kula. Chukua mchana wa kawaida, ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, sukari 7.8, unachoma yuniti 8, unasubiri, unakula. Bila GLP-1 chakula kinaingia, insulini inakutana nacho, mambo yanaenda. Ukiwa na GLP-1 tumbo limekishika. Saa moja na nusu baadaye insulini iko kazini na ugali bado uko tumboni, unapima unakuta 3.6, unatetemeka, unakunywa soda. Masaa manne mbele ugali unafunguliwa, soda nayo imo, Actrapid inaelekea kuisha, unakuta 16. Anayeona hiyo 16 peke yake anaongeza yuniti kesho yake, na kesho saa nane anaanguka. Ndo maana wiki za kwanza unapima kabla ya kula, saa moja na nusu baada, na masaa manne baada, na daktari anaweza kukuambia uchome ukiwa unaanza kula au hata uigawe mara mbili. Namba hizo ni mfano, zako zitakuwa zako, ila mwendo ni huo.

Sukari ikishuka ukiwa na dawa hizi tumia kitu cha maji, glukosi iliyokorogwa, soda ya kawaida, juisi. Biskuti, ndizi na matobolwa vitakaa tumboni huku unazidi kushuka.

Ketoni

Hili ndo linaua, na ndo tofauti kubwa kati yetu na mtu wa aina ya pili aliyekusimulia alivyopungua kilo zake bila shida. Yeye kongosho yake bado inatoa kidogo. Wewe ukipunguza insulini mno, au ukiruka kwa sababu hujala, au ukitapika ukasema sijala kwa hiyo sichomi, damu inageuka asidi. Insulini ya kukaa haikatwi hata siku usiyokula kabisa. Kichefuchefu cha dawa na kichefuchefu cha ketoni vinafanana, huwezi kuvitofautisha kwa kuhisi, lazima upime. Kwa mashine ya damu, chini ya 0.6 uko salama, ikifika 1.5 piga simu kwa daktari, ikifika 3 nenda hospitali hiyo hiyo saa. Kwa stripu za mkojo, rangi ikishaingia alama mbili za kujumlisha na unatapika, usisubiri asubuhi. Na usijidanganye na sukari, kwa sababu huli vizuri inaweza kuwa 11 au 12 tu na ketoni ziko juu.

Mtu wa visiwani, Ukara au Ukerewe ndani ndani, usiku ukiingia hakuna boti ya kukutoa, huyo namshauri waziwazi asianze peni ya kila wiki. Wa Sengerema sasa angalau daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, feri haimkwamishi tena usiku, hilo ni jambo kubwa kwa mgonjwa.

Kutunza, na peni feki

Kabla ya kufunguliwa zote zinataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa Ozempic inakaa nje chini ya nyuzi 30 mpaka siku 56, Victoza siku 30. Kwa hali ya hewa ya Mwanza ndani ya nyumba yenye kivuli inawezekana, juu ya bati la kibanda cha soko la samaki la Mwaloni haiwezekani. Nimeona watu wanabeba dawa kwenye boksi la barafu la samaki, barafu inagusa peni moja kwa moja, peni inaganda. Iliyoganda inatupwa hata kama ikiyeyuka inaonekana safi, na hiyo ni hata kwa insulini. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, iweke mbali na barafu.

Kuhusu feki sitaki kuzunguka. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizokamatwa nchi kadhaa, na Austria mwaka 2023 watu walilazwa sukari zikiwa zimeporomoka baada ya kuchoma peni feki zilizoshukiwa kuwa na insulini ndani. Mtu wa taipu wani akichoma insulini asiyoijua juu ya insulini yake anaweza asiamke. Usinunue peni Instagram wala kwa dada anayeleta mizigo toka Dubai. Nunua famasi iliyosajiliwa, na ukitilia shaka boksi waulize TMDA, ile Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Mwanza wana ofisi ya kanda.

Kuna na uvumi mwingine unaoumiza, kwamba semaglutidi inaponya taipu wani. Umetoka kwenye ripoti ya 2023 ya madaktari wa Buffalo kule New York, watu 10 tu, waliogundulika ndani ya miezi mitatu, kongosho zao bado zina kitu, wakaanzishiwa semaglutidi na wakaacha insulini ya chakula. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, na wengi wa wagonjwa wapya hupitia kipindi cha nafuu hata bila dawa hiyo. Wewe mwenye miaka 10 na ugonjwa usiache insulini kwa habari hiyo. Mzazi mwenye mtoto, usimwachishe mtoto. Nakuomba.

Nani asiguse

Mwembamba, hata kama HbA1c iko juu, hana kilo za kupoteza na ketoni zitamwahi. Mwenye historia ya matatizo ya kula, anayeruka insulini ili apungue. Aliyewahi kuumwa kongosho kwa ghafla. Mwenye saratani ya tezi ya aina ya medula kwake au kwenye ukoo. Ambaye tumbo lake tayari limechoka kwa kisukari, anashiba kwa tonge mbili na kutapika chakula cha jana. Mjamzito na anayetafuta mimba, semaglutidi inasimamishwa angalau miezi miwili kabla. Anayeenda kufanyiwa upasuaji amwambie daktari wa usingizi kwamba anatumia, maana tumbo linaweza kuwa na chakula hata baada ya kufunga usiku kucha.

Habari za kulinda moyo na figo unazozisikia zimetoka kwa watu wa aina ya pili na wenye unene wasio na kisukari. Kwa taipu wani zinaweza kuja kuthibitishwa, mi natamani sana, ila usizihesabu leo unapoamua.

Ukiamua kuanza, kubalianeni na daktari kwa maandishi vitu hivi kabla ya sindano ya kwanza: yuniti za chakula zinapunguzwa ngapi, za kukaa zinabaki ngapi, namba gani ya ketoni unampigia simu, na ukitapika nani anakupokea. Wiki ya 12 mkae tena mkiwa na daftari la sukari. Kama mwili haujapungua cha maana, au sukari zinashuka mara nyingi kuliko mwanzo, au ketoni zimeshajitokeza, simamisha, haikuwa yako. Ukisimamisha hamu ya kula inarudi na mahitaji ya insulini yanapanda, kwa liraglutidi ndani ya siku chache, kwa semaglutidi taratibu wiki kadhaa, kwa hiyo rudini kupandisha yuniti mapema kidogo kidogo, usisubiri mpaka mashine iandike 20.